Kuruka kwa Mwavuli Tanga: Kuchagua Mahali pa Kurukia, na Kutua Ukiukosa Uwanja

Mrukaji aliyezoea bara akija Tanga lazima abadilishe hesabu. Mahali sahihi pa kurukia huwa joshini, yaani upande upepo unakotoka, ili upepo wenyewe ukurudishe uwanjani. Pwani hii kusi huvuma toka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na pande zote mbili ni bahari. Ukikosea kwa kupitiliza kilomita moja, huangukii shamba la mtu, unaangukia majini. Ndiyo maana mwongozo huu unahesabu kwanza, unaruka baadaye.

Hatua ya 1: Soma upepo ukiwa bado chini

Chukua utabiri wa upepo wa anga za juu kwa futi 3,000, 6,000, 9,000 na 12,000. Andika mwelekeo na kasi ya kila tabaka kwenye karatasi. Marubani huhesabu upepo kwa noti. Gawanya kwa 2 upate mita kwa sekunde. Noti 16 ni mita 8 kwa sekunde, hesabu ya kutosha kwa kazi hii.

Kisha angalia upepo wa chini kwa macho: makuti ya minazi, moshi wa majani yanayochomwa, matanga ya mashua. Bahari ikianza kutoa vichwa vyeupe, upepo umeshakaribia noti 10 au umepita. Jihadhari zaidi na asubuhi. Upepo wa umande huvuma toka bara kwenda baharini, halafu jua likipanda matlai huja toka baharini. Ukipanga kwa upepo wa saa moja asubuhi ukaruka saa tano, umepanga kinyume. Majira ya tangambili, kati ya kusi na kaskazi, ni mabaya zaidi, kwa sababu upepo waweza kugeuka kati ya ndege ya kwanza na ya pili. Pima upya kila safari.

Hatua ya 2: Hesabu utapeperushwa umbali gani

Tuseme unatoka futi 12,000 na kufungua mwavuli futi 4,000. Ukianguka kwa tumbo, futi 1,000 za kwanza huchukua kama sekunde 10, na kila 1,000 zinazofuata sekunde 5 na nusu. Jumla ni sekunde 48 hivi. Tabaka hizo zikiwa na wastani wa noti 16, upepo utakusogeza 8 × 48, karibu mita 400.

Chini ya mwavuli unashuka kama futi 1,000 kwa dakika. Toka futi 3,000, mwavuli ukishafunguka kabisa, hadi 1,000, unapotakiwa kuanza mzunguko wa kutua, ni dakika 2. Upepo wa noti 14 kwa sekunde 120 ni mita 840. Jumla ya kupeperushwa ni mita 1,240.

Bado kuna msukumo wa ndege. Ukitoka mlangoni unaendelea kwenda mbele kama mita 300 kabla hujaanza kudondoka wima. Ndege ikiwa inaelekea upepo, msukumo huo unakupeleka joshini zaidi, kwa hiyo upunguze: 1,240 kutoa 300 ni mita 940. Hapo ndipo katikati ya msururu wa kutoka.

Watu wengi husahau neno hilo, katikati. Makundi manne yakiachana mita 300 yanachukua mita 900 za njia. Wa kwanza wanatoka mita 490 toka uwanjani, wa mwisho mita 1,390. Kama uwanja uko kilomita moja na nusu toka ufukweni, kundi la mwisho linatoka karibu juu ya mchanga, na msukumo wa ndege unalimalizia baharini.

Dawa yake ni kumwomba rubani apite sambamba na ufuko, upepo ukija ubavuni. Makundi yote yatatoka kwa umbali uleule toka baharini. Safari hii usipunguze ile mita 300, maana msukumo unakwenda pembeni; uhesabu kama mchepuko wa kushoto au kulia. Rubani naye lazima aelekeze pua kidogo upande wa upepo ili asisukumwe nje ya mstari.

Hatua ya 3: Nafasi kati ya kundi na kundi

Usihesabu sekunde kwa mazoea. Muulize rubani GPS inasoma kasi gani ya ardhini. Noti 70 ni mita 35 kwa sekunde. Mita 300 gawanya kwa 35, ni kama sekunde 9. Upepo mkali wa mbele ukiipunguza hadi noti 50, sekunde zinakuwa 12. Ndege ikienda polepole, subiri zaidi.

Hatua ya 4: Mlangoni

Taa ya kijani ina maana rubani amefika pale mlipokubaliana. Haina maana kwamba chini pako salama. Toa kichwa nje kabisa, siyo pua tu, na tazama wima.

Kuona wima ni kazi. Ndege ikiwa imeinua pua au imelala ubavu, sakafu yake itakudanganya. Tafuta upeo wa macho mbele, shusha mstari toka hapo hadi chini yako. Kisha tafuta upeo wa ubavuni, shusha mwingine. Inapokutana mistari miwili ndipo mlipo. Kosa la nyuzi 10 tu kwa futi 12,000 ni zaidi ya mita 600 ardhini.

Hakikisha hakuna ndege nyingine wala wingu chini yako. Kama mahali sipo, usitoke. Mwombe rubani azunguke tena. Mafuta ya mzunguko mmoja ni rahisi kuliko mguu.

Hatua ya 5: Mwavuli umefunguka, uko mbali

Kwanza hakikisha mwavuli ni mzima na hakuna mtu mbele yako, kisha tafuta uwanja. Tumia kipimo hiki: ukimaliza nusu ya kimo ulichonacho, uwe umemaliza nusu ya umbali. Tazama pia sehemu moja ya ardhi mbele yako. Inayotulia machoni ndiyo utakayotua. Inayopanda huifikii, inayozama utaipita.

Upepo ukiwa mgongoni, vuta breki (kamba za mkononi za kuongozea mwavuli) kidogo au mikanda ya nyuma, upate muda zaidi hewani upepo ukubebe. Upepo ukiwa usoni, achia breki mikono juu, kunja miguu upunguze eneo linalopigwa na hewa.

Futi 2,000 ndiyo mpaka. Kama ukifika hapo huna hakika ya uwanja, umeshaukosa. Chagua pengine na usibadili tena. Wanaovunjika wengi hawavunjwi na shamba la ugenini, bali na kona ya chini waliyokata dakika ya mwisho wakijaribu kurudi.

Hatua ya 6: Kuchagua shamba

Tanga ni nchi ya mkonge. Toka futi 3,000 shamba la mkonge mchanga linafanana na uwanja mpana wa majani, limechanwa mistari kama nywele zilizosukwa twende kilioni. Toka futi 500 unaanza kuona kila mche peke yake, na ncha ya kila jani ni mwiba mgumu mweusi. Mistari iliyonyooka ikuonye mapema. Ukilazimika, tua kwenye barabara ya kugawa vitalu, au sambamba na mistari, usiikate.

Mashamba ya chumvi ni wazi lakini yana tope na kingo. Mikoko iepuke. Mahali pazuri ni kiwanja cha mpira, shamba lililolimwa, au malisho.

Kila barabara na kila nyumba ichukulie kuwa ina nyaya mpaka uone vinginevyo. Nyaya hazionekani toka juu. Tafuta nguzo na uziunganishe kwa macho. Ukinaswa kwenye nyaya, usiguse kitu wala usiruhusu mtu akushike miguu mpaka TANESCO, shirika la umeme, wathibitishe umeme umekatwa.

Mzunguko wa kutua ni uleule wa uwanjani: anza futi 1,000, pinda 600, pinda tena kuelekea upepo 300. Usitue nyuma ya jengo au safu ya miti, hewa ya hapo inavurugika. Mwavuli uwe mlalo sawa, mbele pawe wazi, vuta breki angalau nusu, miguu pamoja, magoti yakunjike kidogo, ubingirike. Kuukabili upepo ni vizuri, lakini mwavuli ulio mlalo sawa unatangulia.

Hatua ya 7: Kama ni majini tu

Chama cha warukaji wa miavuli cha Marekani, USPA, kinawataka wanafunzi wanaoruka peke yao na wanaotumia mwavuli wa duara wavae vifaa vya kuelea pale wanapopanga kutoka, kufungua au kutua ndani ya maili 1 (kilomita 1.6) toka maji yanayoweza kumzamisha mtu. Tanga karibu kila ruko linaingia humo. Vaa jaketi okozi.

Ukiwa bado juu, jaza jaketi, fungua mkanda wa kifua, tenganisha ukanda unaounganisha mwavuli mkuu na wa akiba, legeza kidogo mikanda ya mapaja. Elekea upepo. Usijiachie kabla miguu haijalowa. Bahari tulivu hudanganya kimo, na unachodhani ni mita 2 chaweza kuwa 20. Kama futi 10 juu ya maji vuta breki nusu, jaza hewa mapafu, ingia. Rusha mikono nyuma, toka kwenye mikanda kwa mbele, ogelea mbali na kamba. Kitambaa kikikufunika, fuata mshono mmoja hadi ukingoni.

Baada ya kutua

Simama na kukusanya mwavuli mara moja. Mwavuli uliotandazwa unawaambia walio juu kwamba umeumia. Piga simu uwanjani useme uko wapi. Mwenye shamba akija, msalimie kwanza, "Shikamoo mzee," omba radhi, na mwombe akuonyeshe njia asiyopanda kitu. Miche mliyokanyaga ilipwe siku hiyohiyo.

Na uwanjani, anayeshika orodha asikunje karatasi mpaka kila jina la ndege hiyo limeitika.