Kukinga tumbo la Nissan Leaf dhidi ya matuta na mawe

Nissan Leaf ni gari la umeme. Leaf nyingi zilizoko kwetu zimetoka Japani, na zilitengenezwa kwa lami. Tumbo liko kama sentimita 15 tu kutoka ardhini, na betri ya karibu kilo 300 imelala chini ya sakafu. Wenye magari huja gereji wakitaka bati nene kuanzia bampa hadi bampa. Huwa nakataa. Cha maana zaidi ni bati limefungwa wapi.

1. Inua, kagua. Jeki ikae kwenye sehemu zilizoimarishwa pembeni, chini ya milango, isiguse kamwe kasha la betri. Weka stendi kabla hujaingia chini. Mulika ukingo wa mbele wa kasha, maana ndio unaopokea mawe. Rangi ikiwa imekwaruzika tu, endelea. Kasha likiwa limebonyea au lina ufa, acha kazi hapo hapo, gari likapimwe na fundi wa magari ya umeme kama kuna umeme unaovuja. Nyaya za rangi ya chungwa zina volti zaidi ya 300. Usizisogeze hata kidogo.

2. Rudisha klipu. Kava ya plastiki ya mbele ikipoteza klipu mbili tu, inaanza kuning'inia, inaburuzika, kisha tuta moja linaing'oa yote. Klipu ni za bei rahisi, na kwa gari la mjini mara nyingi kazi huishia hapa.

3. Tengeneza bati. Kata kielelezo cha katoni kwanza, ukijaribishe chini ya gari. Chuma cha milimita 2 hadi 3 kinatosha, au alumini ya 4 hadi 5. Mimi napendelea alumini: uzito ukizidi gari linashuka zaidi na chaji inaisha haraka. Ncha ya mbele ipinde kwenda juu ili jiwe liteleze badala ya kunasa. Toboa matundu ya kutolea maji na tope.

4. Funga kwenye krosmemba, yaani vyuma vinavyokatiza chini ya gari, ukitumia matundu ya boliti yaliyopo. Kasha la betri halitobolewi wala halichomelewi, na bati lisiligandamize. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haipozwi kwa maji, joto lake hutoka kupitia kasha hilohilo, kwa hiyo usilifunike lote. Vichwa vya boliti vizame ndani ya bati, la sivyo tuta litavikata. Walio Mombasa, Tanga au Dar waweke washa (vipete vya boliti) za plastiki, maana alumini ikigusana na chuma penye chumvi huliwa upesi.

5. Kuinua springi? Sentimita 2 zinavumilika. Zaidi ya hapo viungo vya shafti vinafanya kazi kwa pembe mbaya. Ukishainua, fanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

6. Kaza tena boliti zote baada ya wiki moja ya barabara mbovu, kisha kila ukibadilisha tairi. Ukisikia mlio wa kokoto chini, fungua bati uzitoe kabla hazijaanza kusaga kava.