Kutathmini Afya ya Kijito cha Msituni kwa Viumbe Waishio Chini ya Mawe

Mkulima ambaye shamba lake limepakana na kijito kidogo chenye miti kandokando mara nyingi huamini kwamba maji maangavu ni maji mazima. Uangavu peke yake hautoshi. Dawa ya kuua wadudu iliyosombwa na mvua kutoka shambani huweza kupita kijitoni kwa saa chache tu, na anayechota maji kesho yake asione dalili yoyote. Lakini wadudu wanaokulia chini ya mawe, ambao wengi wao hukaa majini kwa miezi kadhaa kabla ya kuota mabawa, watakuwa wamekwisha kudhurika. Ndiyo maana tunashauri tathmini ianzie kwa viumbe hao, na mengine yafuate ili kueleza kile walichoonyesha.

Chagua mahali ambapo maji hupita kwa kasi juu ya mawe, na kina chake hakivuki magoti. Mtu mmoja ashike wavu wenye matundu ya nusu milimita hivi, ukingo wake ukigusa sakafu ya kijito, na mwenzake asimame upande wa juu wa mkondo akivuruga mawe na changarawe kwa mguu katika eneo la mita 1 ya mraba, ili mkondo uwasukume viumbe waingie wavuni. Wamimine katika sinia jeupe lenye maji kidogo, tulia mpaka waanze kujongea, andika aina unazoziona, kisha uwarudishe kijitoni. Kazi hii isifanywe mara tu baada ya mafuriko, kwa kuwa mafuriko hufagia viumbe hata katika kijito chenye afya njema. Subiri wiki 2 au zaidi.

Makundi matatu ya wadudu wachanga wa majini, yaitwayo kwa majina ya kisayansi Efemeroptera, Plekoptera na Trikoptera, yanastahili kutafutwa kwa makini, kwa sababu huhitaji maji safi yenye oksijeni nyingi. Efemeroptera kwa kawaida wana mikia mitatu, na matamvua ya kupumulia yamejipanga ubavuni mwa tumbo. Plekoptera wana mikia miwili na kucha mbili katika kila mguu. Trikoptera wengi hujijengea ala ya punje za mchanga au vipande vya majani, ambayo kwa haraka mtu huweza kuidhani takataka, hivyo iangalie vizuri kabla ya kuitupa. Katika nchi za joto Plekoptera huwa na spishi chache, na kukosekana kwao pekee kusichukuliwe kuwa hukumu. Kinyume chao ni minyoo, ruba na zile lava (wadudu wachanga) nyekundu za inzi wadogo wanaofanana na mbu, ambazo wekundu wake hutokana na hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, inayoziwezesha kuishi penye oksijeni haba. Kuwapata wachache wa aina hii ni jambo la kawaida. Tatizo ni kuwakuta wao peke yao.

Baada ya hapo, inua macho utazame miti. Katika kijito chenye kivuli kizito chakula kikuu si mimea ya majini bali majani yanayoanguka, ambayo kuvu huyalainisha na wadudu huyatafuna. Miti ikikatwa, chakula hicho hupungua na maji hupata joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: penye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Mawe yaliyofunikwa na mwani mzito wa kijani huashiria mwanga mwingi pamoja na mbolea iliyotiririka. Jiwe lililozama nusu nzima katika tope laini nalo linaeleza mmomonyoko, maana tope hilo huziba nafasi ambamo wadudu hujificha. Magogo yaliyoanguka yaacheni, ni makazi.

Pima kijito upande wa juu wa shamba, kabla maji hayajalifikia, na upande wa chini, yakishalipita, siku ileile na kwa njia ileile. Pale tofauti inapoanzia ndipo pa kutafuta chanzo: njia ya mifugo kushuka kunywa, mfereji wa shambani, au mahali panapooshewa pampu za dawa. Rekebisha hapo kwanza, kisha acha ukanda wa uoto wa asili wa angalau mita 10 kila upande, na mpana zaidi penye mteremko. Zingatia pia kwamba wadudu wazuri hawathibitishi usalama wa maji ya kunywa, kwa kuwa vimelea vya kinyesi haviwadhuru wao. Maji hayo bado yachemshwe. Viumbe waliopotea hurejea kwa kuruka au kuchukuliwa na mkondo kutoka juu, hivyo msitu wa juu ukilindwa, rudia tathmini mahali palepale, msimu uleule, mwaka unaofuata.