Somo: Jenereta ndogo ya umeme wa mawimbi ya maji kwa mradi wa sayansi

Miradi mingi ya aina hii hukwama kwa sababu moja: sumaku inakwenda polepole. Ukitikisa kwa mkono bomba lenye sumaku na koili (waya uliozungushwa mara nyingi), LED (kitaa kidogo) inawaka. Ukiliegesha juu ya maji, giza. Faraday alionyesha mwaka 1831 kuwa umeme huzaliwa pale usumaku unaopita ndani ya koili unapobadilika, na badiliko likiwa la haraka, volti hupanda. Wimbi la kwenye chombo hupanda na kushuka taratibu, hivyo tutatumia wenzo kuzidisha mwendo wake mara nne.

Vifaa

- Sumaku za neodimi 4 za duara, kipenyo mm 15, unene mm 5
- Bomba la plastiki la kupitishia nyaya, kipenyo cha nje mm 20, urefu sm 35
- Waya wa shaba wa kuwaindi mota, mm 0.2, mita 130
- LED nyekundu 2 (nyeupe hutaka volti karibu 3, achana nazo)
- Fito nyepesi ya mbao sm 42, msumari, mshipi wa kuvulia
- Povu gumu jeupe la kufungashia vifaa, sm 12 × 12, unene sm 8
- Sanduku la plastiki, urefu sm 80, upana sm 30, kina sm 25

Hatua

1. Gundisha visahani viwili vya kadibodi katikati ya bomba, umbali wa mm 20 kati yao. Hapo katikati zungusha waya mara 1500, upande mmoja tu bila kugeuza. Upana huo haukuchaguliwa ovyo: ni sawa na urefu wa sumaku nne zikipangwa. Koili ikiwa ndefu sana kuliko sumaku, ncha mbili za sumaku huzalisha umeme unaopingana ndani ya koili hiyohiyo, na unabaki na karibu sifuri.

2. Kwangua vanishi (utando unaozuia umeme) kwa msasa sm 2 kila ncha ya waya, kisha pima. Multimita (kipima umeme) isome takriban omu 60. Isiposoma kitu, vanishi haijatoka au waya umekatika. Ikisoma omu chache tu, waya umechubuka na mizunguko inagusana.

3. Unga LED mbili kinyumenyume: mguu mrefu wa moja na mguu mfupi wa nyingine, kila jozi kwenye ncha moja ya waya wa koili. Moja itawaka sumaku ikiingia kwenye koili, nyingine ikitoka.

4. Panga sumaku ziwe rundo moja, gundisha kitanzi cha mshipi juu yake kwa epoksi. Angalia vidole, zinabana vibaya. Watoto wadogo wasizikaribie kabisa. Zikimezwa mbili hunasana kupitia kuta za utumbo.

5. Weka sanduku ukingoni mwa meza, upande wake mrefu ukiwa ukingoni, maji kina cha sm 15. Hayo ni kama kilo 36, meza iwe imara. Egemeo (msumari) likae kwenye nguzo nje kidogo ya upande wa pili, na fito ivuke upana wa sanduku. Kaza povu chini ya fito, sm 10 kutoka kwenye egemeo. Mshipi wa sumaku ufungwe sm 40 kutoka egemeo, uning'inie nje ya meza ndani ya bomba lililofungwa wima kwenye mguu wa meza.

6. Maji yakiwa yametulia, sumaku ikae katikati kabisa ya koili. Hapo ndipo inapopita kwa kasi kubwa kuliko mahali pengine; kwenye miisho ya safari yake huwa imesimama.

7. Sukuma maji kwa ubao mwishoni mwa sanduku, ukifuata mdundo wake wenyewe, takriban mara 7 kwa sekunde 10. Povu likae karibu na mwisho wa sanduku. Katikati maji huenda mbele na nyuma tu, hayapandi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, multimita inasoma volti 0.3 lakini LED inapepesa. Ni mbovu?

Jibu: Hapana. Mkondo unabadili mwelekeo kila mara, na kipimo cha DC huonyesha wastani ambao unakaribia sifuri. Iamini LED.

Swali: Bomba la alumini je? Linateleza vizuri.

Jibu: Usithubutu. Sumaku ikipita huzua mikondo ndani ya alumini yenyewe, na mikondo hiyo huifunga breki. Shaba ni vivyo hivyo. Chuma ndiyo kabisa, sumaku itanasa.

Swali: Nikisukuma haraka mshipi unalegea.

Jibu: Sumaku inashuka kwa uzito wake tu. Fito ikishuka haraka kuliko sumaku inavyoweza kuanguka, mshipi hulegea. Punguza kasi ya kusukuma.

Swali: Nifanyeje LED isipepese?

Jibu: Tumia dayodi mbili za 1N5817 (hupitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita mbili za mikrofaradi 1000 (hutunza umeme kwa muda), uziunge kama saketi ya kuzidisha volti mara mbili. Dayodi hizo hula takriban volti 0.3, wakati za kawaida za silikoni hula 0.7, na hapa huna volti za kupoteza. Mwanga utakuwa hafifu, ila wa mfululizo.