Kabla mtungi wa gesi haujaingia nyumbani

Propani, gesi inayotiwa kwenye mitungi, ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ukilishika hilo tu, kanuni nyingi za zimamoto utazibashiri mwenyewe. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Hutambaa sakafuni kama maji, ikajikusanya kwenye chumba cha chini au tundu la maji machafu, ikingoja cheche. Kwa hiyo kabla ya kuamua mtungi ukae wapi, inama uangalie chini.

Kisha waulize zimamoto wa eneo lako, maana kanuni hutofautiana: unaruhusiwa kilo ngapi, mtungi wa akiba ukae ndani au nje tu, na uwe umbali gani kutoka milangoni na madirishani. Uliza pia kuhusu mitungi mitupu. Mtungi tunaouita mtupu bado una gesi, na kanuni nyingi huuhesabu kama uliojaa. Kama umepanga, soma mkataba. Mwenye nyumba au bima anaweza kuwa mkali kuliko zimamoto.

Mtungi usimame wima, hata ukiwa stoo. Vali ya usalama, inayofunguka shinikizo likizidi, imewekwa juu ili ipumue mvuke wa gesi. Ukiulaza, kinachotoka ni gesi ikiwa bado kimiminika, na hiyo ikigeuka mvuke hupanuka takriban mara 270. Haujazwi hadi juu pia, kwa kawaida huishia asilimia 80, ili joto likizidi gesi ipate pa kutanukia. Ndiyo maana juani na kwenye buti la gari si pake.

Siku ya kuunganisha mtungi, changanya sabuni ya vyombo na maji, upake kwenye maungio ya regyuleta na mpira, kisha ufungue gesi taratibu. Tazama kwa subira: povu dogo linalovimba, likapasuka, likavimba tena, ndilo uvujaji. Kiberiti hakipimi gesi.

Kengele ya gesi ifungwe karibu na sakafu. Ukinusa harufu usiguse swichi, hata ya kuzimia taa. Funga mtungi kama unafikika salama, toeni watu, simu ipigwe mkiwa nje. Na kila mtu nyumbani ajue kilango cha mtungi hufungwa kuelekea kulia. Sisi tulijaribu kwa mtungi ambao haujaunganishwa, kizibo chake kikiwa kimekazwa, macho yamefungwa. Mtu mzima kuliko wote aling'ang'ana kuelekea kushoto.