Upepo wa ubavuni: breki mshipi kabla chambo hakijatua

Mkivua samaki aitwaye besi wa baharini mkiwa kundi, na upepo ukawa unageukageuka, jaribu hili: chambo bandia kinapokaribia kugusa maji, gusa mdomo wa rili, yaani ukingo wa kibiringo chenye mshipi, kwa kidole cha shahada ili mshipi upunguze mwendo. Kisha shusha ncha ya fimbo karibu na maji na ufunge kile kiwaya cha rili kinachozuia mshipi usitoke, kwa mkono, si kwa kuzungusha mpini. Rili za kawaida humwaga mshipi kwa vitanzi; chambo kikishatua, vitanzi huendelea kutoka na upepo huvibeba vikawa tumbo kubwa juu ya maji. Ukivizuia, mshipi hutua umenyooka, chambo huanza kuogelea papo hapo, na besi akigonga unamsikia mkononi. Mafundo nayo hupungua, na mshipi wako hauendi kumtembelea mwenzako. Upepo ukiwapiga usoni hila hii haisaidii sana: chambo chepesi huishiwa pumzi njiani hata usipokigusa. Hapo funga chambo cha chuma kizito chembamba, au hameni mpaka upepo uwe mgongoni. Radi ikisikika, laza fimbo mwondoke. Kaboni ya fimbo hupitisha umeme.