Jinsi ya kusoma nyumba kongwe ya wapangaji mjini Berlin

Kazi yangu ni kupima na kuchora nyumba za zamani kabla mafundi hawajafunga jukwaa. Kabla ya kutoa futi mfukoni huwa naisoma nyumba kwanza, na utaratibu wenyewe ni huu. Mahali pazuri pa kujifunzia ni Chamissoplatz, uwanja ulio katika mtaa wa Kreuzberg: Vita vya Pili vya Dunia viliuacha karibu wote salama, na nyumba zake za mwishoni mwa karne ya 19 bado zimeshikana ukuta kwa ukuta.

Hatua ya 1: Simama ng'ambo ya barabara

Achana na nakshi kwanza. Fuata kwa macho ukingo wa paa, nyumba hadi nyumba. Unakwenda karibu sawa. Kanuni za ujenzi za Berlin ziliishia kuweka kikomo cha mita 22 na ghorofa tano, ukihesabu na ya chini, na kila mwenye kiwanja alijenga mpaka kikomo kwa sababu kila ghorofa ilikuwa kodi. Ramani ya mji ilikuwa ya mhandisi James Hobrecht, ya mwaka 1862. Yeye alichora barabara pana na viwanja virefu. Cha kujengwa nyuma waliachiwa wenye mali.

Hatua ya 2: Panda na madirisha

Ghorofa iliyo juu tu ya ile ya chini ndiyo ya wakubwa: dari ndefu, madirisha yaliyovikwa vilemba vya lipu, mara nyingi na roshani. Lifti hazikuwapo, kwa hiyo mwenye fedha alikaa juu ya vumbi la farasi lakini si mbali na mlango. Kadiri unavyopanda, nakshi inapungua na kodi nayo ilipungua. Usisahau vile vidirisha vya chini, usawa wa njia ya miguu. Huko waliishi watu pia, na unyevu wao.

Hatua ya 3: Ikague lipu

Yanayoonekana kama mawe ya kuchonga ni tofali lililopigwa lipu, kisha lipu ikachorwa mistari. Nyuso za wanawake na vichwa vya simba vilimiminwa kwenye kalibu, vikachaguliwa katika katalogi ya kiwanda. Ndiyo maana unaweza kukuta bibi yuleyule akikutazama kutoka nyumba mbili tofauti. Wapo wasanifu wanaoziita nyumba hizi za uongo. Mimi sikubaliani nao, ila ladha hiyo iligharimu sana: kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1960 wenye nyumba wengi walizibandua nakshi na kupiga lipu kavu. Ukiona ukuta mtupu katikati ya ndugu zake waliopambwa, usiseme ni nyumba mpya. Linganisha urefu wa madirisha, ghorofa kwa ghorofa, hayo hayakubanduliwa.

Halafu tazama fremu. Dirisha la asili ni la mbao, la tabaka mbili, na nafasi ya hewa katikati.

Hatua ya 4: Ingia uani

Omba ruhusa, humo wanaishi watu. Hapa ndipo nyumba inaposema kweli, na ndipo wageni wengi wasipofika. Nakshi inakoma langoni. Nyuma ya nyumba ya mbele kuna ubawa wa pembeni, kisha nyumba ya nyuma, na mahali pengine ua mwingine na mwingine tena. Kanuni ya mwaka 1853 ilidai ua uwe na mita 5.34 kwa 5.34 tu, pampu ya zimamoto ipate kugeuka. Jua halikutajwa. Mwaka 1887 kipimo kikapandishwa hadi mita za mraba 60. Huko Wedding, mtaa mwingine wa Berlin, nyumba iliyoitwa Meyers Hof ilikuwa na nyua sita zilizofuatana. Mabaki yake yalibomolewa mwaka 1972.

Tafuta pale ubawa unapokutana na nyumba ya mbele. Kwenye kona hiyo kuna chumba kikubwa chenye dirisha moja tu la uani, chenye giza hata mchana, na ndicho njia ya kwenda vyumba vya nyuma. Ukikiona kwenye mchoro umeijua Berlin. Kagua na ngazi: vyoo vya wapangaji wengi vilikuwa hapo, katikati ya ghorofa na ghorofa, vya kushirikiana.

(Ukitoka, lipitie lile banda la chuma la kijani, lenye pembe nane, pale uwanjani. Ni choo cha wanaume cha zamani.)

Hatua ya 5: Hakikisha kwenye orodha

Orodha ya majengo yanayolindwa ya jimbo la Berlin iko wazi mtandaoni, pamoja na ramani. Angalia kama nyumba imeandikwa peke yake au ndani ya kundi la majengo. Ikiwa ni kundi, hata ile iliyobanduliwa nakshi inaweza kuwamo. Kubadili madirisha, rangi ya ukuta au mlango wa uani kunahitaji kibali cha ofisi ya urithi ya wilaya, na kibali hicho huombwa kabla ya kumlipa fundi arbuni.