Mbegu za papai kwa minyoo ya mbuzi, na namna ya kujua kama zimefanya kazi

Jirani yangu alikuja na chupa ya mbegu za papai alizochemsha, akitaka kujua mbuzi anywe kiasi gani. Nilimwambia amwage. Hivi ndivyo tulivyoanza upya.

1. Chagua mbuzi. Vuta kope la chini, tazama utando wa ndani. Ukiwa mwekundu au wa waridi, endelea. Ukiwa mweupe, au kuna uvimbe wa maji chini ya taya, huyo si wa mitishamba: minyoo wanaofyonza damu wamemfikisha pabaya, muite daktari wa mifugo leo hii. Mwenye mimba naye muache, maana mbegu za papai zimeonekana kuharibu mimba za wanyama wa maabara.

2. Andaa mbegu. Osha utelezi, anika kivulini, twanga siku ileile ya kunywesha. Changanya na maji ya kawaida, uache kama robo saa. Usichemshe! Sumu ya minyoo haimo kwenye mbegu nzima. Hutengenezwa mbegu inapopondwa, kimeng'enya chake (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kikakutana na viini vingine penye unyevu. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Mchanganyiko mzuri una ukali unaopanda puani kama haradali. Usiposikia ukali, umepika uji tu. Kipimo kimoja kinachokubalika na wote hakipo; mimi huanza na gramu 1 ya unga kwa kilo ya uzito, kwa mbuzi wachache kwanza. Mwarobaini nauweka ghalani kwa wadudu wa nafaka. Kwa minyoo sijauona ukishusha hesabu ya mayai yao kwenye kinyesi.

3. Nywesha. Pembeni mwa mdomo, polepole, pua isipite usawa wa macho. Dawa ikiingia mapafuni, unaweza kumuua.

4. Hesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Hapa ndipo wengi wanaruka, kisha wanatangaza dawa imeponya kwa sababu manyoya yanang'aa.

Kabla ya kunywesha, chukua kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kubwa, kwa glavu. Cha chini usiokote: hujui ni cha nani, na kina mayai ya minyoo wengine wa udongoni. Andika jina la mbuzi kwenye mfuko, toa hewa, weka kwenye kasha lenye barafu bila kugandisha, ufikishe maabara siku hiyohiyo. Kwenye joto mayai hutotoa, hesabu ikashuka hata kabla hujatoa dawa.

Maabara huchanganya gramu 4 za kinyesi na mililita 56 za maji ya chumvi iliyokolea, wakachuja, wakajaza kibao cha McMaster, kioo chenye vyumba viwili cha kuhesabia mayai kwa darubini. Mayai huelea, yaliyoonekana kwenye vyumba vyote viwili huzidishwa kwa 50 kupata idadi kwa gramu moja ya kinyesi. Kwa hiyo tofauti ya 100 na 50 ni yai moja tu, haina maana. Jaribu kwa mbuzi wenye mamia kadhaa.

Rudia siku 10 hadi 14 baada ya kunywesha. Usiende siku ya tatu, kwani minyoo anaweza kuacha kutaga kwa muda huku yu hai, na ukashangilia bure. Na hili ndilo lililonichosha kumshawishi jirani: nusu ya mbuzi wasinyweshwe kabisa, walishwe malisho yaleyale. Kiangazi kikiingia mayai hushuka yenyewe, na sifa anapewa papai. Wasionyweshwa wakiwa na wastani wa 800 na walionyweshwa 200, umepunguza asilimia 75. Dawa ya dukani ya mbuzi na kondoo ikishusha chini ya asilimia 95, wataalamu hushuku usugu, yaani minyoo wameizoea dawa. Papai silidai kiasi hicho, lakini chini ya nusu siendelei nalo.

5. Baada ya hapo. Ambaye hesabu yake haikushuka, au kope limeanza kupauka, mpe dawa ya dukani kwa uzito wa mzani.